Moto Hauagwi kwa Mdomo

Hebu mfikirie anavyoingia. Mlango anausukuma kwa kiwiko, kwa sababu mikono yote miwili imekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka kuukuu, kama mtu anayeleta mtoto mchanga nyumbani. Viatu anavivulia hapo hapo kizingitini, kimoja juu ya kingine. Halafu ananusa. Huyu bwana, kabla hajasalimia mtu, lazima anuse kwanza kama kuna waya unaoungua. Ndipo anasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umeniletea nini leo?"

"Joto."

Huyo ndiye Fundi Koili. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti. Mtaa mzima unamwita kwa kazi yake. Kibanda chake kimebanana na cha kinyozi kiasi kwamba kinyozi akipiga chafya, fundi anasema pole bila kuinua kichwa. Anatengeneza pasi, birika na majiko ya umeme, na majiko mengi yanamfikia yakiwa na ugonjwa mmoja. Koili imekatika, mwenye jiko ameshika zile ncha mbili akazisokota pamoja, na jiko likawaka kuliko hata lilipokuwa jipya. Watu hufurahi sana.

"Wanadhani limepona," husema fundi. "Kumbe waya umefupika, unavuta umeme kupita kiasi, na pale kwenye fundo panaungua peke yake. Ni mzee anayepanda mlima mbio huyo. Usimpigie makofi, mshike mkono."

Sasa, mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua. Msimu wa baridi ulipoingia, chumba chake, kilicho upande unaopigwa na upepo, kikawa kama ndani ya mtungi. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza mgongo, akamgeukia fundi: "Mkaa usiingie tena kwenye chumba hicho. Na asipigwe na baridi." Maagizo mawili kwa pumzi moja, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Fundi alifungua hita moja ya dukani akaona waya wa ndani umelalia plastiki. Akaifunga kimya. Akaamua kutengeneza yake.

Ungemwona akiifanya, ungedhani anashona nguo ya harusi. Alipima waya wa koili kwa mita, akakata mrefu kuliko wengi wanavyokata, maana mrefu hauvuti umeme kwa pupa. Unawaka wekundu wa kuiva, hauwi mweupe. Aliuzungusha kwenye fimbo ya chuma, akauvuta taratibu mpaka kila duara likaachana na mwenzake. Akaulaza kwenye mifereji ya tofali la kuhimili moto. Ncha alizikaza kwa skrubu, akazivika shanga za kauri. Hakugusa risasi ya kulehemu, kwa sababu hapo ingeyeyuka. Akaweka boksi la chuma, wavu usiopitisha kidole, waya wa ardhi uliokazwa kwenye boksi lenyewe, fyuzi, na swichi ya chini inayokata umeme hita ikianguka.

"Hiyo ni ya mama, au unafungua kiwanda?" kinyozi akamuuliza.

"Ya mama."

"Mbona mimi wembe wangu siupimi hivyo, na unapita shingoni mwako?"

"Ndiyo maana nanyolewa kwa mwingine."

Kinyozi alicheka mpaka mteja wake akamwomba atulie kwanza. Fundi aliiacha hita ikiwaka nje juu ya mawe siku nzima, akawa anapita kugusa plagi na waya wake kuona kama vinapata moto. Havikupata. Hapo ndipo akaifunga kwa shuka, akaipeleka nyumbani, kwenye soketi yake yenyewe yenye kikata umeme.

Mama alipoona ule wekundu alinyoosha viganja. "Na moshi hakuna!" akasema. "Baba, umeyatoa wapi makaa ya namna hii?"

Dada yake fundi, anayeishi humo humo na anafanya kazi ya kupiga pasi kwenye hoteli, alisimama mlangoni akajifuta macho kwa kanga.

Kumbukumbu ya mama, nikwambie, ilikuwa kama redio ya betri dhaifu: ukiizungusha inakuimbia wimbo mzima, kisha inanyamaza katikati ya neno. Ya zamani yalibaki. Ya asubuhi hiyo yalikwenda.

Basi mchana mmoja fundi alirudi kumpa dawa, akakuta chumba baridi na kimya. Kikata umeme kimejizima. Tofali limepasuka katikati, linatoa mvuke. Mama amekaa kitandani na kikombe kitupu mapajani.

"Nimeuzima, nilitaka kujinyoosha kidogo."

"Mama! Huu ni umeme. Ukimwagiwa maji unaua."

"Usinipigie kelele. Moto hauagwi kwa mdomo."

Maneno hayo fundi aliyajua. Aliyanyonya. Walipokuwa wadogo, mama hakulala wala kutoka nyumbani kabla hajamwagia makaa kikombe cha maji, akasikiliza yakilia shii, kisha akaweka kiganja juu ya majivu kuhakikisha. Kikombe hicho alikijaza fundi mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akitumwa.

Alimweleza pole pole, mama akaitikia, "Nimekusikia, baba." Fundi akabadilisha tofali. Siku ya pili mama akamwaga tena. Waliondoa kikombe cha maji, akamwaga chai. Dada akasema waitundike juu ukutani. Dari ikapata joto, miguu ya mama ikabaki barafu. Walimpeleka kibandani akae na fundi. Vumbi la barabara likamkohoza mpaka kinyozi akazima mashine yake. Na kuacha kazi, nani aache, dada au fundi?

Mwishowe fundi alitengeneza boksi jingine, limezibwa juu na mbele kwa bati nene, waya haufikiwi na tone la maji wala hauonekani. Joto lilitoka safi kabisa. Fundi alikwenda kazini akipiga mluzi.

Aliporudi alinusa. Mkaa.

Chumba kilijaa moshi, mama amejikunja karibu na jiko la jirani, anakohoa kama anayeng'oa kitu kifuani. Fundi alilitoa jiko nje mbio, akafungua dirisha, akamshika mama mabega.

"Nani kakupa hili?"

"Nimeomba. Lile lako limekufa, baba. Halina moto."

"Linawaka, mama! Weka mkono hapa."

Aliweka. "Vuguvugu la jua tu hilo," akasema. "Moto nisiouona nitauamini vipi?"

Jirani alikuja kuomba radhi; hangeweza kumnyima mtu mzima makaa kwenye baridi ile. Nani angeweza?

Jioni ile dada na kaka walikaa kwenye ngazi. "Akiuona atauzima," dada akasema. "Asipouona atatafuta mkaa."

"Waya nilijua kuufanyia kila kitu," fundi akajibu.

Asubuhi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Dada alishaondoka. Hita mbili zilikuwa sakafuni, ile ya wavu na ile iliyozibwa. Fundi alikuwa amevaa viatu, plagi mkononi, na kibandani wateja walishaanza kufika. Mama alijifunika hadi kidevuni, midomo imepauka, akatoa viganja viwili nje ya blanketi akavielekeza mahali ambapo moto ungekuwa.

"Baba," akasema, "niwashie kabla hujaenda."

Wewe, msomaji wangu, ungechomeka ipi?