Waya Uliolazwa Uwandani Same

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa panga, koleo na debe la maji ya chumvi. Panga na koleo nilivielewa. Nilikuwa kijana wa Shighatini, nimetoka shule ya misheni, na nilidhani nimeajiriwa kupanda nguzo ndefu. Msimamizi wa kituo, Mwingereza mzee aliyewahi kuwa askari wa mawasiliano, alinionyesha waya uliopita katikati ya miiba juu ya vigingi visivyofika kiunoni, ukaenda mpaka macho yakashindwa kuufuata.

"Huu ndio mlingoti wetu," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Lakini huu umelala."

Ilikuwa wakati wa vita. Wakubwa walitaka kusikia redio za nchi za mbali, na uwanda wa Same ulichaguliwa kwa ukame wake. Wimbi la redio likipita juu ya ardhi kavu huinama kidogo. Waya mrefu uliolazwa karibu na ardhi, ukielekezwa kule redio iliko, hulikusanya wimbi hilo na kuacha makelele ya pande nyingine. Mwisho wa mbali wa waya ulipitia kizuio cha umeme, kisha ukaungwa kwenye kigingi cha shaba kilichozikwa. Udongo wa pale haukushika unyevu, kwa hiyo kigingi kilinyweshwa maji ya chumvi ili umeme upate njia ya kushuka. Kikikauka, redio za upande wa nyuma ziliingia na kuvuruga kila kitu. Debe lilikuwa la kazi hiyo.

Mwenzangu alikuwa Zakaria wa Mhezi. Yeye alisema Chasu, mimi Kigweno, tukakutana kwenye Kiswahili. Kutwa tulitembea na waya, tukiunga pale ng'ombe wa Wamasai walipoukanyaga au pundamilia walipoukokota. Zakaria alikuwa mtu wa kuimba tenzi za kanisani huku akikaza waya, na kila mwisho wa mwezi alipanda mlimani kumwona mkewe Nakijwa na mtoto wao.

Kibandani kulikuwa na swichi kubwa ya mpini. Ukiishusha, waya wote uliungwa na ardhi na redio ikanyamaza. Msimamizi mzee alinishika bega siku ile ya kwanza akasema, "Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, shusha hii kwanza. Kuniuliza baadaye." Waya mrefu namna ile hukusanya umeme wa mawingu hata mvua ikiwa bado iko milimani.

Mzee yule alihamishwa, akaja Mkaguzi wa Mitambo, kijana bado. Hakuwa mkali. Alitusalimu, alitupa kwinini tulipougua. Ila wakubwa wake walimbana, na kila tulipokosa matangazo alikosa hata hamu ya kula.

Jioni moja karibu na masika, makelele yalizidi. Mkaguzi akamtuma Zakaria kunywesha kigingi cha mbali. Jua lilikuwa bado juu ya uwanda, lakini nchi za mbali za mashariki kulishakuwa usiku na redio za huko zilianza kuingia. Karani msikilizaji, aliyejua lugha za huko, alikuwa amevaa visikilizio, anaandika. Nikasikia ngurumo upande wa Chome.

"Bwana, radi," nilisema.

"Iko milimani. Sisi tuko chini."

"Zakaria yuko kwenye kigingi."

"Ngoja kidogo. Hotuba ndiyo kwanza imeanza."

Nikanyoosha mkono kwenye swichi. Akaukamata, akaushikilia. Tulikuwa bado tumeshikana hivyo cheche ya buluu iliporuka kwenye mpini na karani akavirusha visikilizio huku akipiga yowe.

Nilikimbia nikiufuata waya. Zakaria alikuwa amelala kifudifudi, debe limepinduka kando yake. Pale uwandani halikudondoka hata tone la mvua. Ardhi iliyolowa ilikuwa ile tu aliyoimwagia yeye.

Kabla hatujaondoka na maiti, Mkaguzi aliniita pembeni. Macho yalikuwa mekundu. "Waambie ni radi. Kazi ya Mungu. Usiongeze neno."

Gari lilitufikisha chini ya mlima, tukapanda na machela hadi Mhezi.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia baba yake.

"Marahaba, mwanangu. Mmeniletea nini?"

Nikamwambia ni radi. Nilipolitamka neno hilo, watu wote uani waligeuka kumtazama mtu mmoja. Alikuwa Mzee Samweli, baba mdogo wa Zakaria. Yeye na Zakaria walikuwa wamegombana juu ya zamu ya maji ya mfereji, na watu waliamini radi hutumwa. Kesho yake kaburini, mwinjilisti alipomaliza kusali, koleo lilipita mkono hadi mkono, na kila mtu alimruka Mzee Samweli. Alisimama peke yake, kofia kifuani.

Nilishindwa kunyamaza. Niliwaeleza waya, kigingi, maji ya chumvi, swichi, na mkono ulioushika mkono wangu. "Hakuna aliyeituma radi," nilisema. "Aliyetumwa ni Zakaria."

Baba yake alichukua koleo, akampelekea mdogo wake mwenyewe. Wengine waliondoka wakinong'ona. Nakijwa alinijia na mtoto mgongoni.

"Walikuwa wanasikiliza nini?" aliuliza.

Sikujua. Niliporudi Same nikamuuliza karani. "Yaleyale ya jana," alisema. "Walirudia." Sikupata ujasiri wa kumpelekea Nakijwa jibu hilo.

Maneno yangu ya kaburini yalishuka mlima kabla yangu. Mkaguzi hakunifukuza, alinihamishia laini za simu za Korogwe, na hatukuagana. Mzee Samweli hakudumu Mhezi. Usiku mmoja migomba yake ilikatwa yote, akahamia Maore kwa binti yake, akafia huko.

Nilizeekea kwenye simu, nikawa nyapara wa mafundi. Wingu likitanda niliwashusha vijana wote nguzoni, hata kama laini ya wakubwa imekatika. Bwana mmoja aliniuliza mbele yao, "Wewe mtu mzima, unaogopa mvua?"

"Naogopa, Bwana," nilimjibu.

Sikupandishwa cheo tena. Siku ya kustaafu walikuja wale vijana wangu wote, kila mmoja kwa miguu yake, wakanibebea mizigo mpaka stesheni.