Kaboni ya Profesa

Walimwita Mama Glavu, kwa sababu miaka kumi na minane katika maabara ile hakuruhusu mtu kugusa sampuli kwa mkono mtupu. Mashine aliyoitunza ilipiga atomu kwa miale ya eksirei, ikang'oa elektroni za ndani kabisa, zile zilizojibana karibu na kiini. Nishati ambayo elektroni hizo hutoka nayo ndiyo inayosema atomu ni ya nini, na kaboni, ambayo imo katika kila mafuta, haijifichi hata ikiwa kiduchu tu.

Profesa mpya hakuwa na habari na glavu. "Mama, mimi nimesoma," alisema, akapapasa nywele zake zilizong'aa mafuta, kisha akakishika kipande chake cha chuma kwa vidole vile vile. Kwenye skrini kaboni ikachomoza kama mlima. Basi bwana mkubwa akavimba kichwa! Amegundua kaboni mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona. Akaalika wakubwa, akafunga tai.

Mama Glavu hakubishana naye. Mbele ya wageni alipitisha mashineni kipande cha dhahabu kilichosafishwa, na kaboni haikuonekana. Akakitoa, akamnyooshea.

"Hebu kishike, mwanangu."

Profesa, kwa kupenda kutazamwa, akapapasa kichwa, akakishika. Kiliporudishwa mashineni, mlima ukachomoza ule ule.

"Hongera, Profesa," alisema Mama Glavu akivua glavu zake taratibu. "Sasa waambie wageni, hayo mafuta ya nywele unanunua duka gani?"