Kiswahili cha Benchi la Wagonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja karibu na Maguu, Matroni hakunionyesha dawa wala vitanda. Alinikalisha kwenye benchi la wagonjwa asubuhi nzima. "Sikiliza wanavyoongea," alisema. "Wengine Kimatengo, wengine Kiswahili cha kuokoteza. Usimcheke mtu. Akichekwa, ugonjwa wake anarudi nao nyumbani."

Nikajifunza. Damu ya uzazi haikutajwa mbele ya mwanamume. Ilizungukwa mpaka uielewe mwenyewe. Na mtu aliyetishwa na Kiswahili cha ofisini alijibu "ndiyo" kwa kila swali, kwa heshima tu. Kwa hiyo sisi wakunga tuliuliza kwa namna nyingine: tangu asubuhi umebadilisha vitambaa vingapi?

Baadaye nikahamishiwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mfawidhi wetu, yaani tabibu msimamizi wa kituo, alikuwa kijana hodari wa dawa, ila mdomo wake haukuwa na breki. Siku moja nilikuwa chumba cha kuzalishia, mtoto ameshaonyesha kichwa, nikasikia sauti ya mwanamke kutoka chumba cha pili. Alitoka upande wa Liparamba na mumewe. Alikuwa amejifungua nyumbani siku chache nyuma, na kichanga alikuwa naye mgongoni.

"Daktari, mimi nguvu hakuna. Tangu nizae inakuja tu, haikomi."

"Inakuja nini, mama? Basi la Mbinga? Ongea Kiswahili!"

Benchi zima likacheka.

"Haya, damu imekata?"

"Ndiyo, daktari."

"Homa huna?"

"Ndiyo, daktari."

Nikapaza sauti: "Daktari, msubirishe huyo mama!" Akanijibu nimalize ya kwangu kwanza. Nilipotoka walikuwa wameshapanda lori la mahindi, wamepewa vidonge vya kuongeza damu. Kwa akili yangu, kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki tumboni, kitu ambacho tulizoea kukisafisha palepale kituoni. Alifia njiani.

"Mwenyewe alisema imekata," mfawidhi alijitetea. Nilimchukia, na uzee haujanipunguzia hata kidogo.

Sasa nimestaafu, naishi Tingi, nalima mihogo. Wauguzi vijana hupita kunisalimu kwa lugha yao ya vijiweni: "Shikamoo bibi, afya iko fresh?" Naitikia marahaba na kucheka nao. Waongee watakavyo, mradi wawaache na wagonjwa waongee watakavyo.

Juzi nilikutana na yule mume gulioni. Mvi zimemjaa. Kile kichanga sasa ni mwanamke mzima, ana mimba yake ya kwanza, na hajakanyaga kliniki. Nilimsihi baba yake mbele za watu, bila aibu. Nikamwambia nitampeleka mwenyewe, nitakaa naye chumbani mpaka mwisho.

Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Hapana, sista," alisema. "Anaongea kama mama yake."