Kipande cha Pili cha Riwaya ya Mvuvi

Riwaya moja iliniondolea jino, na sikuwa hata nimeimaliza.

Tulikuwa wahitimu watano wa darasa la jioni pale Mbinga mjini, watu wazima tuliofanya mtihani wa kidato cha nne kwa mikono yenye sugu. Mimi nilifaulu kiasi cha kuwatisha wasahihishaji. Baada ya hapo tuliona aibu kuacha kusoma, tukawa tunakutana kijijini Maguu, juu mlimani, kila Jumapili baada ya misa, kwenye kibaraza cha ghala la kahawa.

Kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji watano. Kwa hiyo mzee mmoja mkulima wa kahawa, mkongwe kuliko sote darasani, alikuwa anaikamata riwaya kama kuku wa sikukuu, anaipitishia kisu mgongoni na kutukatia vipande. Unasoma chako, Jumapili unabadilishana na mwenzako. Huku kwetu ngolo hulimwa hivyohivyo: kila mtu na safu yake ya mashimo mlimani, mwisho linakuwa shamba moja. Sheria ilikuwa moja tu, usitoe siri ya kipande ambacho mwenzako hajakisoma. Ila maoni juu ya kipande chako toa, hata kwa ngumi.

Na yalitolewa. Kati yetu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akipandisha usipa wa kuuza kutoka Mbamba Bay, dagaa wale wa ziwa letu, na riwaya ya upelelezi aliitupa chini akaikanyaga. "Mpelelezi gani huyu? Kila anapofika watu wameshakufa! Hata fisi anawahi kuliko yeye." Ya mapenzi mzee aliichapa fimbo. "Kijana analia sura nzima. Kwani hana kahawa ya kupalilia?" Mimi nikasema hiyo ndiyo riwaya bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa chini ya jua. Mama akanitwanga ungo mgongoni: "Kaa chini! Unasema hivyo kila wiki."

Mwenzetu wa nne alikuwa mvuvi kijana wa Mbamba Bay, kifua kama mlango wa kanisa. Huyo hakupanda mlima kwa ajili ya vitabu peke yake. Wa tano alikuwa binti wa yule mzee, na sote tulijua kwamba barua ya posa imeshafika nyumbani kwao, na mzee hajajibu.

Ndipo ikaja riwaya ya mvuvi. Kipande cha kwanza nilipata mimi, cha pili binti, cha tatu mzee, cha nne kijana wetu, cha mwisho mama. Jumapili iliyofuata mzee alifika amevimba. Hata shikamoo zetu hakuziitikia.

"Mvuvi amemshika mkewe kwa nywele," alisema, "anamburuta majini, na mwanamke hapumui. Kipande kimeishia hapo. Wavuvi ni wauaji! Barua yako, kijana, nairudisha."

"Baba, subiri," kijana akaanza. "Kipande changu..."

"Sheria!" mzee akafoka.

"Sheria gani?" mama akasimama. "Wavuvi wote? Na marehemu baba yangu?"

Wapakiaji wa kahawa walikuwa wanasikiliza kutoka mlango wa ghala. Mmoja akapiga mluzi, akamwita kijana muuaji. Ngumi iliyofuata nadhani waliisikia Malawi. Pua ya yule mpakiaji ilipasuka kama nyanya, damu ikarukia magunia. Wenzake wakamvamia kijana kama siafu. Mama akaingia na kapu la usipa, anapiga vichwa bila kuchagua, dagaa wanaruka kama mvua ya mawe. Mimi niliingia kuamua ugomvi. Benchi lilinipokea mdomoni. Nikatema jino na damu ya kutosha kumwagilia shamba zima la kahawa. Mzee akamchapa kijana fimbo ya kichwa, ngozi ikachanika. Kijana hakumrudishia. Aliikamata ile fimbo, akaivunjia kwenye goti lake mwenyewe, akachomoa kipande cha nne kifuani, kimelowa damu, akampa kwa mikono miwili.

"Soma, baba."

Mzee alisoma amesimama, anahema. Yule mvuvi wa riwayani hakuwa anamzamisha mkewe, alikuwa anamtoa. Mke alijitupa ziwani, na mume hakupata pengine pa kumshika ila nywele. Mwishoni mwa kipande mwanamke anakohoa, yu hai.

"Nimekosea," mzee akasema. "Barua naipokea."

Wapakiaji wakapiga makofi, hata yule wa pua. Mama akapiga kigelegele. Mimi nilicheka, ikaniuma hadi kisogoni.

"Baba," binti akasema kutoka kwenye kona yake, "hujauliza kwa nini alijitupa."

Alifungua kipande cha pili akakisoma polepole: mume amerudi na nyavu tupu, wenzake wanamcheka, mke naye anamtania kidogo. Nyumbani anamlaza chini kwa kasia, anapiga mpaka mkono wa mke unavunjika. Binti akainua macho kwa kijana.

"Maoni yako?"

Kijana alifuta damu ya kichwani, bado ana furaha ya ushindi. "Ah, pale mwanamke naye alizidi. Unamcheka mtu mbele ya wenzake? Lile kasia lilikuwa la kumfundisha tu."

Mama aliyekuwa anaokota usipa wake aliacha kuokota.

"Asante," binti akasema. "Baba, irudishe barua."

"Lakini mwanangu, si amemtoa majini?"

"Amemtoa alikomfikisha mwenyewe."

"Jamani, hiki ni kitabu tu!" kijana akalalamika. Yule wa pua alikuwa bado anachuruzika.

Mzee aliirudisha barua siku hiyohiyo. Kijana aliteremka Mbamba Bay kwa gari lililompandisha mama, na mama akamwambia akae nyuma na makapu.

Wiki iliyofuata mama aliniletea kipande cha mwisho. Nilikisoma palepale, shavu kama boga. Mke anarudi kwa mumewe, wanacheka pamoja, imekwisha. Nikamrudishia.

"Leo huna maoni?" akauliza. "Si riwaya bora chini ya jua?"

"Jino linauma, mama."

Hakunipiga ungo.