Sifuri ya Mlangoni

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "kipimo kimesema sifuri", damu inanichemka.

Nilikuwa fundi wa vipimo vya gesi kwenye maabara moja ya utafiti pale Nyasubi, Kahama. Tulikuwa tunachukua hewa ukaa, tunaigeuza kwanza kuwa kaboni monoksaidi, halafu ndiyo tunatengeneza mafuta. Hiyo kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa inavyoua, maana ndiyo hiyohiyo inayobaki kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, baada ya baruti.

Mwenzangu aliyeendesha mtambo wa ndani alikuwa mama wa mapacha kutoka Masumbwe. Kaka yake alifia duarani. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hajaingia chumba cha mtambo, aliniuliza, "Kimesemaje?" Nikijibu sifuri, anafunga kitenge vizuri na kusema, "Haya, nashuka." Hapakuwa na ngazi hata moja ya kushuka.

Kipimo kama kile lazima kwanza kionyeshwe hewa safi, kijue sifuri ni ipi. Tulikuwa na mtungi wa hewa safi kutoka kiwandani kwa kazi hiyo. Bosi akaufungia stoo. Eti ni wa siku ya wageni, wafadhili wakija waone tunafanya kazi kitaalamu! Sisi wa kila siku turekebishie mlangoni, hewa ya Mungu ipo bure.

Nilibisha. Akaniambia nimezidi ujuaji.

Hewa ya Mungu, na ukuta wa pili kuna mashine ya kukoboa mpunga! Kila siku injini yake ya dizeli ilianza kunguruma kabla hatujafika kazini, na moshi wake, wenye gesi hiyohiyo, ulitambaa mpaka kizingitini petu. Weka jiwe kwenye mizani, kisha iambie mizani kwamba hapo ndipo sifuri: jiwe halitaonekana tena. Lakini nilidhani moshi kidogo namna ile, uwanjani, hauwezi kuharibu kitu.

Mama mapacha akaanza kuumwa kichwa. Kila siku kichwa, kila siku kichefuchefu, na akifika nyumbani kinapoa. Bosi akasema ni malaria, akameze dawa. Zahanati wakampima, hawakuona malaria. Bosi akasema vipimo vya zahanati havina maana. Yeye! Siku moja akaanguka pembeni ya mtambo, tukambeba mpaka nje, akapewa mapumziko.

Akiwa bado kwao, injini ya jirani ikaharibika. Asubuhi hiyo uwanja ulikuwa kimya na hewa safi. Nikawasha kipimo mlangoni, kikasoma chini ya sifuri. Gesi pungufu ya sifuri haipo duniani. Nikakimbia kwa bosi, nikamweleza. Hakuinua hata macho. "Bonyeza kirudi sifuri," akasema. Nilikataa, nikazima mtambo na kusimama mlangoni.

Ndipo mama mapacha akatokea, amerudi kazini, uso umemsinyaa.

"Mwangaluka," akanisalimu. "Kimesemaje?"

"Sifuri," bosi akadakia nyuma yangu. "Ingia, kazi zimelala."

"Mwongo," nikasema. "Sifuri yake ni moshi wa mashine. Kinaficha."

Mama mapacha akatutazama wote wawili. Hakupandisha sauti. "Kwetu duarani, bosi, anayesema hewa ni nzuri ndiye anayetangulia kushuka. Tangulia basi, mimi nakufuata."

Bosi akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akapapasa mfuko, akatoa simu ambayo haikuwa imeita, akasogea mpaka kwenye mwembe wa getini akijifanya anaongea. Mguu wake haukugusa kizingiti. Alijua! Labda tangu zamani, labda tangu asubuhi ile. Kwangu ni mamoja.

Nikavunja kufuli ya stoo kwa nyundo. Nikautoa mtungi wa wageni, nikakionyesha kipimo hewa safi ya kweli, nikakiingiza ndani ya mlango. Ingawa mtambo ulikuwa umezimwa, bomba lilikuwa bado linavuja. Kipimo kikapiga kelele mpaka wapakia mpunga wa jirani wakachungulia ukutani.

Mama mapacha akausikiliza mlio ule, mikono kiunoni.

"Malaria yangu hiyo," akasema.