Maswali ya Akumu

Perez, mamake Akumu, alikuwa mwalimu wa sayansi, lakini binti yake maswali yake yote aliyapeleka kwa Mama Yasin, mwenye duka hapo mtaani kwao, Pioneer. Mbona kitunguu kinaliza? Mbona tunapiga miayo? Siku moja wivu ukamshinda Perez, akamuuliza:

"Muuza sukari ndiye daktari siku hizi? Mbona huniulizi mimi?"

"Si uliniambia ninyamaze?"

Perez akaikumbuka siku hiyo. Wakati wa vita vya uchaguzi, Mama Yasin aliwaficha yeye na Akumu nyuma ya magunia dukani. Nje watu wakipiga kelele, Akumu alinong'ona, "Mama, mbona moyo wangu unakimbia?" Perez alimziba mdomo. Mama Yasin aliuchukua mkono wa mtoto, akauweka kifuani pake.

"Hata wangu unakimbia. Hebu sikia."