Ritifaa ya Shemeji

Kazi yangu ni kung'oa meno, na bango la mlangoni pangu lilisema hivyo miaka yote bila kumchekesha mtu. Kisha shemeji yangu, mke wa kaka, akanichapia jipya, kile kialama cha juu cha ng' kimetoweka: "Tunangoa meno." Ngoa, kwa asiyejua, ni wivu. Mgonjwa wa kwanza aliingia ameshika shavu, na bado akapata nguvu za kuniuliza, "Daktari, kumbe mna wivu na meno yetu?"

Nilimpigia shemeji simu nimefura. "Ritifaa yangu umeipeleka wapi? Umeila?"

Kwa kawaida angenijibu kwa tusi la utani. Safari hii alisema tu, "Njoo shuleni."

Shemeji ni fundi wa kompyuta wa shule ya msingi, na kompyuta za pale zote zinatumia Linux, mfumo usiolipiwa. Zamani yeye na walimu wa pale walibuni fonti yao wenyewe, yenye a na g kama zinavyoandikwa ubaoni, ili mtoto anayeanza kusoma asibabaike. Wenzake walihama, wakaoa, wakachoka. Yeye akabaki na kazi isiyopigiwa makofi: kuifunga fonti iwe kifurushi, kukijaribu kila mfumo unapobadilika, na kukituma kwenye ghala la Linux ili shule yoyote ikipakue bure.

Mchangiaji mmoja wa mbali, wa kujitolea mtandaoni, alikuwa "ameziboresha" herufi. Akadhani ritifaa ni alama ya kukaa juu ya herufi nyingine, akainyima nafasi yake, ikamezwa na g. Shemeji alikagua herufi moja moja, akaona zote nzuri, akapitisha. Neno zima hakulijaribu, na bango langu likachapwa hivyo hivyo.

Nilimkuta mlangoni mwa darasa la kwanza. Ndani, binti mmoja alikuwa akisoma kitabu kilichochapwa kwa fonti ile. "Ngo-mbe," alisema, ngo ya ngoma.

"Mwanangu, mnyama huyu si unamjua?" mwalimu akamwuliza. "Nyumbani mnamwitaje?"

"Ng'ombe."

"Haya, soma."

Mtoto akamtazama mwalimu, akatazama kitabu. "Lakini kitabu kimesema ngombe."

Iliniuma. Mtoto ana neno sahihi kinywani, analimeza kwa sababu ya karatasi.

Shemeji alinieleza mengine ukumbini. Wasimamizi wa ghala walitaka kosa lirekebishwe kabla ya toleo jipya, la sivyo kifurushi kitaondolewa. Naye mchangiaji alijibu kwamba alama yenyewe ni ndogo, watu watazoea.

"Achana nacho basi," nikasema. "Fonti ziko tele."

"Wewe jino likiuma unang'oa," akanijibu. "Mimi hili naliziba."

Kuchora herufi hakujua. Waliochora walikwisha ondoka. Akajifunza. Kaka naye akajifunza kupika, jambo ambalo ukoo mzima ulikuwa umelikatia tamaa. Ritifaa ya kwanza ilikaa mbali mno, ng'ombe akakatika vipande viwili. Ya pili ilipendeza kwenye skrini, lakini printa ya shule, yenye wino wa kuombaomba, haikuitoa. Akainenepesha. Ghala likakataa kifurushi. Akasoma sababu, akarekebisha, akatuma tena. Likakataa tena. Nikajaribu kumfariji kwamba mvumilivu hula mbivu.

"Hiyo mbivu utanimenyea baadaye," akasema. "Sasa hivi shika karatasi, nisomee kinyang'anyiro."

Nikasoma kinyang'anyiro, ning'inia, ng'ara, mpaka ulimi ukaniuma mimi daktari wa vinywa. Safari hii ghala likapokea.

Vitabu vilipochapwa upya, alinivuta tena darasani. Akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti karibu yamguse kidevu. Nami niliogopa kwa niaba yake. Yule binti alifika kwenye neno, akasita. Akaigusa ritifaa kwa ncha ya kidole.

"Ng'ombe," akasoma. Kisha akamgeukia mwalimu, uso umejaa furaha. "Mwalimu! Kitabu kimeshajua kusoma!"